Nakala 500, akaunti milioni 500: wimbo wa imani unafikaje kwa watu?

Kuna namba mbili nimekuwa nazizungusha kichwani muda mrefu sasa, 500 na milioni 500. Nikizieleza zote mbili nadhani itaonekana kwa nini mjadala huu wa dini, promo ya muziki, teknolojia na "jumuiya za mtandaoni", yaani kama teknolojia inajenga jumuiya ya waumini au inaiua, huwa unatuchanganya sana, tunaongea mambo matatu manne kwa pamoja tukidhani tunaongea jambo moja.

Namba ya kwanza ni ya Thomas Dorsey. Huyu kazaliwa Georgia, Marekani, mwaka 1899, akahamia Chicago, na kabla hajaitwa baba wa muziki wa injili wa Wamarekani Weusi alikuwa anapiga piano ya blues kwa jina la Georgia Tom, aliwahi kuongoza bendi ya mwimbaji wa blues Ma Rainey, na 1928 yeye na mwenzake Tampa Red walitoa wimbo wa mambo ya chumbani ambao uliuzika balaa. Katikati ya maisha hayo hayo akawa anatunga nyimbo za Mungu zenye mapigo yale yale ya blues. Mmoja akauchapisha kwenye karatasi, akakopa dola 5 (hii kasimulia mwenyewe), akatuma nakala 500 kwa posta kwenye makanisa huku na kule. Akasubiri. Anasema ilipita karibu miaka mitatu hajaona hata oda moja.

Halafu ikaja 1930, mkutano mkuu wa Wabatisti Weusi ukafanyika Chicago, mwanamke mmoja akasimama akauimba ule wimbo mbele ya watu, watu wakainuka, wakataka uimbwe tena na tena, na Dorsey anasema pale pale aliuza nakala 4,000. Wimbo ni ule ule, karatasi zile zile, hakubadilisha hata neno.

Tuna msemo wetu kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Naupenda, ila hapa haufanyi kazi hata kidogo, maana kizuri kilikaa kwenye bahasha miaka mitatu bila kujiuza.

Namba ya pili ni ya tarehe 9 Septemba 2014. Apple wanatambulisha iPhone 6, U2, bendi ya rock ya Ireland, wanapanda jukwaani wanapiga, halafu inatangazwa kwamba albamu yao mpya, Songs of Innocence, imewekwa bure kwenye akaunti za wateja wa iTunes, duka la muziki la Apple, karibu milioni 500 kwenye nchi zaidi ya 100. Hukuomba wala hukubonyeza popote, unaikuta tu kwenye orodha ya vitu ulivyonunua, na kama simu yako ilikuwa imeseti kupakua yenyewe basi imeshajipakua yenyewe. Hakuna albamu iliyowahi kuwafikia watu wengi namna ile kwa siku moja, na ilikuwa bure, na bado watu walikasirika mno, mpaka ndani ya wiki Apple wakatoa ukurasa maalumu wa kuifuta. Mwezi uliofuata Bono, mwimbaji wa U2, akaomba radhi hadharani, akakiri kwamba kulikuwa na tamaa ya ukubwa, kulikuwa na ukarimu, kulikuwa na kujinadi, na kulikuwa na hofu kubwa kwamba nyimbo walizozimwagia maisha yao pengine zisingesikika.

Hiyo hofu naiheshimu, maana ndiyo hofu ya Dorsey mbele ya zile bahasha 500. Na tuwe wakweli, kwa hesabu za Apple wenyewe hadi Oktoba ile watu milioni 26 walikuwa wameipakua albamu nzima, ambayo si idadi ya kubeza. Lakini kinachokumbukwa na wengi leo ni lile kero, nyimbo zenyewe hazitajwi.

Sasa mtu atauliza U2 na imani wapi na wapi. Bono, The Edge na Larry Mullen walikuwa kwenye kikundi cha Kikristo pale Dublin kilichoitwa Shalom, na mwanzoni mwa miaka ya 80 nusura waache bendi kabisa kwa sababu waliona muziki wa rock na wokovu havikai nyumba moja. Walibaki, wakaanza kuimba zaburi viwanjani. Nitarudi huko mwishoni.

Hizo namba mbili zinaonyesha kwamba kusambaza na kupokezana ni vitu viwili. Kusambaza ni wimbo kutoka sehemu moja kwenda kwa watu wengi kwa wakati mmoja, iwe kwa posta, redio, au seva ya kampuni. Kupokezana ni wimbo kutoka mdomo wa mtu kwenda kwa mtu anayemwona, naye akaubeba akampa mwingine, na kila anayeupokea anakuwa na sababu ya kuupokea, kwamba nimeusikia kwa fulani, fulani aliimba huku analia, fulani amenifundisha sauti ya pili. Teknolojia mpya karibu zote zimetusaidia kusambaza, na tumekuwa tukidhani kwa kufanya hivyo zinajenga jumuiya, wakati jumuiya inatengenezwa zaidi na kupokezana. Huu ndio mkanganyiko wote ukiufupisha.

Hata lugha yetu inajua. Jamaa, jamii, jumuiya, Ijumaa, haya maneno yote yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kukusanya na kukusanyika. Ijumaa ni siku ya kukusanyika, na jumuiya, ukilichukua neno kwa uzito wake, ni watu waliokutana. Sasa tunaliongezea "ya mtandaoni" mbele yake na tunaona kawaida tu.

Turudi kwa Dorsey kidogo maana mfano wake una utajiri. Bidhaa yake ilikuwa karatasi ya nota, na karatasi ya nota haiimbi yenyewe. Ukinunua unahitaji mpiga kinanda, unahitaji anayejua kusoma nota au anayeweza kusikiliza akashika, unahitaji sauti za juu na za chini, unahitaji siku ya mazoezi na mahali pa kufanyia. Yaani mteja wake halisi alikuwa kundi la watu ambalo tayari linakutana au litakubali kukutana. Alipolielewa hilo akaacha kutegemea posta, akaanzisha kwaya. 1932 akawa kiongozi wa kwaya kwenye kanisa la Pilgrim Baptist, yeye na wenzake wakaanzisha mkutano wa kitaifa wa kwaya za injili, na mwanamke mmoja mwenye akili ya biashara, Sallie Martin, akawa anasafiri mji kwa mji anafundisha kwaya nyimbo, anauza karatasi na kuhakikisha hesabu zinakaa sawa, kitu ambacho Dorsey mwenyewe hakukiweza. Promo yao ilikuwa kufundisha watu kuimba. Na mwaka huo huo wa 1932 mke wa Dorsey, Nettie, alifariki akijifungua, na mtoto naye akafuata, na ndani ya msiba ule akatunga wimbo wake unaojulikana kuliko yote, ule wa kumwomba Bwana amshike mkono, ambao kwaya zimeupokezana mpaka leo.

Baada ya karatasi kila kifaa kilichokuja kilihitaji watu wachache zaidi. Redio ilihitaji familia sebuleni. Walkman ya 1979 ilihitaji masikio ya mtu mmoja. Leo unaweza kuabudu kwa spika mbili ndogo za masikioni ndani ya basi lililojaa na aliyekaa pembeni yako, ambaye pengine anasikiliza wimbo huo huo, asijue. Sisemi hiyo ni dhambi, mtu mwenye huzuni ndani ya basi ana haki ya wimbo wake. Nasema tu jinsi vifaa vilivyobadilika ndivyo na maana ya "sisi" ilivyobadilika na hakuna aliyekaa kikao kuamua.

Kaseti naiweka pembeni kwa sababu ilikwenda kinyume na mkondo. Philips waliitoa 1963, ilikuwa rahisi, na muhimu zaidi mtu wa kawaida aliweza kurekodi na kudurufu mwenyewe. Mawaidha ya Sheikh Abdel-Hamid Kishk wa Misri yalizunguka nchi za Kiarabu kwa kaseti, za kuazimana, za kudurufiana, na kila kaseti ilipitia mkono wa mtu kabla ya kukufikia. Sauti ilikuwa mbovu, ila ulijua imetoka kwa nani.

Sasa twende kwenye sehemu ambayo wengi hawaijui, jinsi hela inavyotembea, maana bila hiyo huwezi kuelewa kwa nini makanisa ya mabara tofauti yanaimba nyimbo zile zile.

Zamani kanisa likitaka wimbo mpya linapiga fotokopi. Wachapishaji wakachoka. Mmoja wao aliishtaki dayosisi kuu ya Kikatoliki ya Chicago kwa kudurufu nyimbo bila ruhusa, na 1984 wazee wa baraza wakaamua alipwe zaidi ya dola milioni 3, uamuzi ambao ulipiganiwa kwenye rufaa lakini hofu ilikuwa imeshaingia kila mahali. Kiongozi mmoja wa muziki kanisani kule Portland, Oregon, Howard Rachinski, akaja na wazo la leseni ya pamoja, na 1988 ikazaliwa CCLI. Kanisa linalipa ada ya mwaka kulingana na ukubwa wake, linaruhusiwa kuonyesha maneno ukutani na kudurufu nyimbo nyingi mno bila kuomba ruhusa moja moja, halafu linatoa ripoti limeimba nini, na hela inagawiwa kwa wenye nyimbo kutokana na ripoti hizo. Mimi naona hii ni haki kabisa, mtunzi ale jasho lake.

Lakini fuatilia kinachotokea baadaye. Ripoti zinatengeneza orodha ya nyimbo zinazoimbwa zaidi. Kiongozi wa sifa ambaye ana kazi nyingine ya wiki nzima na Jumamosi jioni ndiyo anapanga nyimbo za kesho, anafungua ile orodha kwa sababu ni ya uhakika, nota zipo, video ya kufundishia ipo, hata beat za nyuma zipo tayari za kuplei. Anachagua wimbo wa 3 na wa 7. Kesho yake programu inayoonyesha maneno ukutani inaweza hata kutuma ripoti yenyewe, na wimbo wa 3 na wa 7 unazidi kupanda. Hakuna mtu mbaya kwenye mnyororo huu. Ila matokeo yake watafiti walipochunguza nyimbo za kuabudu zilizoshika nafasi za juu kati ya 2010 na 2020 walikuta karibu zote zina uhusiano na makanisa manne tu, Hillsong iliyoanzia Sydney, na Bethel, Elevation na Passion za Marekani. Manne kwa dunia ya makanisa yote yale.

Kwa hiyo kundi linaloimba Jumapili linaonekana ni jumuiya, limekutana kweli, watu wameshikana mikono kweli, ila wimbo wake umechaguliwa na mzunguko ambao hakuna hata mmoja mle ndani aliyekaa akafikiri juu yao. Bibi aliyefiwa wiki ile hayumo kwenye hesabu. Kijana aliyetunga kibwagizo chake na anaona aibu kukitoa hayumo kwenye hesabu. Hapo ndipo mimi huumia, kwa sababu karibu kila wimbo mkubwa tunaouimba leo ulianza kama wimbo wa mtu mmoja mwenye aibu kwenye chumba kidogo ambacho kilikuwa tayari kumsikiliza.

Kwenye majukwaa ya kusikiliza mtandaoni mambo ni magumu zaidi. Spotify, ambayo ilianza 2008, inahesabu wimbo umesikilizwa ukipita sekunde 30. Hela za mwezi zinaingia kapu moja, halafu wenye haki wanagawiwa kwa kadiri ya sehemu yao kwenye usikilizaji wote, yaani ada unayolipa wewe unayesikiliza kaswida na nyimbo za kwaya tu, sehemu yake inakwenda kwa mastaa wa pop ambao hujawahi kuwafungua. Na tangu 2024 wimbo ambao haujafikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu. Kwa lebo kubwa mara 1,000 si kitu. Kwaya ya watu 25 ambayo waumini wao wote wakijumlishwa ni 150, na kila mmoja ameusikiliza wimbo wao mara tano kwa upendo, imefika mara 750. Mbele ya mfumo wimbo huo ni sawa na haupo. Mbele ya wale 150 wimbo huo ndio uliomsindikiza mzee wao kaburini. Mashine haina pa kuliandika hilo, na mimi silaumu mashine, nalaumu sisi tunaposoma namba za mashine tukadhani ndiyo uzito wa kitu.

Kuna jambo jingine la promo ya siku hizi ambalo limenifikirisha kuliko yote na sioni likiongelewa sana. Kwenye nashidi za kisasa, yaani nyimbo za dini za Kiislamu, tuseme kazi za Maher Zain aliyetoka 2009 chini ya Awakening, kampuni hiyo hiyo iliyomtoa Sami Yusuf 2003, utakuta albamu moja inatolewa kwa matoleo mawili, moja lenye ala zote na jingine la sauti na ngoma peke yake, kwa ajili ya wale ambao imani yao haikubali ala. Kibiashara ni akili sana, na ni heshima pia kwa msikilizaji, hakuna anayelazimishwa. Lakini fikiria suala la ala, ambalo limewagawa Waislamu kwa karne nyingi, na Wakristo nao pia, maana yapo makanisa mpaka leo hayagusi kinanda. Zamani watu wa msikiti mmoja au kanisa moja ilibidi walizungumze. Wazee wanakaa, vijana wanakuja na hoja zao, mtu anakasirika anatoka nje anarudi, mwisho wanafikia mahali, labda ngoma ndiyo lakini gitaa hapana, labda harusini ndiyo lakini ibadani hapana, na yule aliyeshindwa anabaki kwa sababu hawa ndio watu wake. Leo mabishano hayo yanamalizwa na kitufe. Wewe chukua toleo lako, mimi nachukua langu, amani. Ila ni amani ya watu wasiokutana, na sidhani kama neno jumuiya linatosha kuibeba. Jumuiya ilikuwa ndiyo ile kazi ya kuvumiliana na anayetaka gitaa.

Algoriti inafanya hivyo hivyo kila siku kwa mambo madogo zaidi. Inakupa orodha ya nyimbo za maombi ya alfajiri, ya kutuliza moyo, ya kusifu huku unakimbia. Inakuweka kundi moja na watu milioni wanaobonyeza kama wewe, na watu wa masoko wanaliita hilo kundi jumuiya bila wasiwasi, lakini ndani ya kundi hilo hamjuani majina, hamsaidiani, ukipotea hakuna anayeuliza. Hiyo ni hadhira iliyopangwa vizuri. Nadhani tukirudishia neno hadhira mahali pake nusu ya ubishi huu utaisha.

Haya, na 2020 je? Ule mwaka ulitufundisha kitu kwa nguvu. Milango ya nyumba za ibada ikafungwa, kwaya zikahamia kwenye simu, na kila aliyejaribu kuimba pamoja kwa simu ya video anakumbuka ile fujo, mmoja yuko "bwa" mwingine yuko "na", kiongozi anasimamisha, wanaanza upya, fujo tena. Sababu yake ni ya kifizikia. Gawa sekunde moja vipande elfu. Watu wanaoimba pamoja wanavumilia ucheleweshaji wa kama vipande 30, ambao ni muda sauti inaotumia kusafiri mita 10 hivi hewani, yaani kwaya pana iliyosimama ukumbini. Ukizidi hapo kila mtu anamsubiri mwenzake na wimbo unazidi kuburuta mpaka unakufa. Simu za video mara nyingi zinachelewesha vipande 100, 200, zaidi. Kuongea unaweza, maana tunapeana zamu. Kuimba pamoja huwezi. Kumbe kuimba pamoja kuna umbali wake wa mwisho, na umbali wenyewe ni kama urefu wa chumba.

Suluhisho likawa kila mtu ajirekodi peke yake, kasikia mdundo masikioni, halafu fundi mmoja anaunganisha vipande usiku kucha. Zile video za nyuso kwenye viboksi vidogo, kama ile ya Uingereza ya Mei 2020 iliyounganisha makanisa zaidi ya 65, ziliwaliza watu na machozi yalikuwa ya kweli. Lakini mle ndani hakuna aliyemsikia mwenzake wakati anaimba. Kila mmoja aliimba chumbani peke yake kwa imani kwamba wengine watakuwepo. Ukiitazama hivyo, mbona hilo nalo ni tendo zito la imani kuliko tulivyodhani wakati ule?

Mwaka huo huo ndio wa Jerusalema. Wimbo wa Master KG na Nomcebo Zikode wa Afrika Kusini, ulitoka mwishoni mwa 2019, na ukisikiliza maneno yake ni sala tupu, Yerusalemu ni kwetu, niokoe, tembea nami, usiniache hapa. Kilichoupeleka duniani si bajeti ya promo. Ni kundi la wachezaji wa Luanda, Angola, Fenómenos do Semba, waliojirekodi Februari 2020 wakiucheza huku wameshika sahani zao za chakula mkononi wanakula, hatua rahisi, unageuka robo, unarudia. Video ile inasema njoo, hata wewe unaweza, wala usiache kula. Manesi wakaucheza koridoni, watawa wakaucheza uani, mapadri, zimamoto, polisi, na mwezi Septemba Rais Ramaphosa akawaomba Waafrika Kusini waucheze siku ya Urithi. Kila kundi liliupokea kutoka kundi jingine likauvalisha sare yake. Huko ni kupokezana kabisa, ila kumepita kwenye simu, na ndiyo sababu siwezi kukubaliana na wanaosema teknolojia na jumuiya ni maadui. Kinachohitajika ni wimbo uache nafasi ya anayepokea kufanya kitu, kama vile kiongozi anavyonyamaza kidogo ili waitikiaji waingie.

Halafu mapema 2021 kule Ujerumani Warner Music wakaanza kuziandikia taasisi zilizoweka video zao za Jerusalema, zikiwemo idara za polisi, zikitakiwa kulipia leseni ya kuoanisha wimbo na picha. Kisheria wako sahihi, kutumia wimbo kwenye video kunahitaji leseni, na wasanii wana haki zao. Wizara ya mambo ya ndani ya jimbo la North Rhine-Westphalia ililipa. Lakini watu walishangaa, wakaumia, na nadhani naelewa kwa nini. Wao walidhani wako kwenye mnyororo wa kupokezana, kumbe kampuni kitabuni kwake iliwaandika kama watumiaji. Walichokifanya kama zawadi kwa wagonjwa wao kilikuwa pia, kwa wakati huo huo, tangazo la bure la wimbo na matumizi yasiyo na leseni. Vyote vitatu ni kweli, na sheria tuliyonayo inaona viwili tu. Hapa sina suluhisho la kutoa, ila naona ni uongo kujifanya hicho cha tatu, ile zawadi, hakipo kwa sababu hakina fomu ya kujaza.

Nilisema nitarudi kwa U2. Walikuwa wanamaliza albamu yao iliyotoka 1983, muda wa studio umewaishia, bado wimbo mmoja. Wakachukua Zaburi ya 40, ile ya kumngoja Bwana kwa saburi, wakaipa jina la namba yake, na kiitikio wakakitoa kwenye Zaburi ya 6, lile swali la "hata lini". Ukawa wimbo wa kufungia shoo kwa miaka mingi. Mwisho wake ulikuwa hivi, umati unashika kile kiitikio, na wanamuziki wanaanza kuondoka jukwaani mmoja mmoja, Bono anatoka, wengine wanaweka vyombo chini wanafuata, Larry Mullen anabaki peke yake na ngoma, kisha naye anaziacha anaondoka. Jukwaa tupu. Taa za uwanja zinawashwa, watu wanatafuta njia ya kutokea, na bado wanaimba, kwenye ngazi, mlangoni, mpaka huko nje kwenye magari.

Bendi ile ile. Miaka 31 kabla ya zile akaunti milioni 500.